Sukutua

Saa tano za usiku, Sarigoi.
Tumekufunga huku na huku, ewe bomba,
vali moja kichwani, moja miguuni.
Asama.
Asama tukuone koo.

Ulizikwa kabla babu yangu hajapata kitambulisho,
chuma kizito cha inchi sita,
na tangu hapo hakuna aliyekujulia hali
ila siku ulipopasuka.
Wiki iliyopita tingatinga la barabara lilikugonga ubavu,
mtaro ukakutapikia ndani,
na Jumanne watoto wanne wa nyumba ya Mwachiro
walibebwa hospitali wamelegea kama kanga iliyorowa.

Mimi ni fundi Mejumaa,
mwanamke pekee kwenye gari la kampuni,
mwenye ufunguo wa vali ulionishinda kimo.
Fumo akapiga mluzi. Nikazungusha.
Kumi na tisa, ishirini, ishirini na mbili,
nikakusikia ukiguna mbali, upande wa Makadara,
kisha ukatapika.

Mwanzo rangi ya kahawa tungu.
Halafu magamba ya kutu, mchanga,
ukoga mweusi unaoteleza kama ini,
gololi moja ya buluu
(nani alikulisha gololi?)
nikaitia mfukoni.
Tukakuacha useme yote.
Dakika arobaini na tano, hata Fumo akaishiwa mzaha,
ndipo nilipotia mkono majini
nikaviona vidole vyangu.

Basi, sasa dawa.
Usidhani kung'aa ndiko kutakata:
maji maangavu yamezika watu wenye macho mazima.
Unga wa klorini ndani ya pipa, upawa mrefu,
pua zikachuruzika, macho yakawaka.
Fumo akasema, "Leo twalia bila msiba."
Tukakujaza hadi pomoni, tukafunga.
Saa ishirini na nne ukae nayo mdomoni,
usiteme,
usimeze.

Wa kuogopewa kumeza walikuwa binadamu.
Nyumba ya tatu kushoto ilikuwa na harusi.
Alfajiri akatoka Bi Nuruwa, mama wa bi harusi,
ndoo mkononi, hina imemkaukia ukucha mmoja:
"Mwanangu, kidogo tu. Pilau haipikwi kwa matangazo."
Kweli nilibandika tangazo kila mlango,
nikasahau kwamba karatasi haioshi mchele.
Nikamwambia, "Ukifungua leo, utawapikia wageni Jiki."
Akanitazama toka kofia hadi buti.
"Na wewe, umeolewa?"
Sikujibu. Nikampigia simu Kiraga wa mkokoteni,
mitungi ishirini, nikalipa mwenyewe.
Risiti sina,
na ofisini hawajanirudishia hadi leo.

Usiku wa pili tukakusuuza.
Yale makali hatukuyaacha yateremke
kuwaunguza kaa wa mikokoni Tudor;
tuliyavunja kwanza, polepole, kwa dawa ya pili.
Kisha kichupa, kidonge. Nikatikisa,
nikakiinua kwenye tochi ya Fumo:
waridi hafifu,
rangi ya ufizi wa mtoto mchanga.
Chupa nyingine ikaenda maabara, ikalazwa kwenye joto siku nzima,
ikaamka haijaotesha kitu.

Naandika haya nyumbani, gololi iko mezani.
Jana nilipita Sarigoi bila sare.
Bi Nuruwa alikuwa barazani akisuuza vikombe,
mfereji wazi, akilaani bei ya nazi.
Hakunitambua.
Akamnywesha mjukuu wake;
mtoto akajimwagia nusu kifuani, akacheka,
akaongezwa.
Nazi zikasemwa, mkwe akasemwa, joto likasemwa.
Hakuna aliyeyataja maji.